Kunyoosha bega, kunyanyua uzito au kutembea: lipi lichaguliwe kwa maumivu yasiyokwisha baada ya upasuaji wa saratani ya titi

Dada yangu alipoondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, kidonda kilifunga vizuri, nyuzi zikatolewa kwa wakati wake, na sote tukadhani maumivu yamefika mwisho. Miezi mitano baadaye alikuwa bado hawezi kuanika nguo kwenye kamba bila kuuma meno, na upande wa ndani wa mkono, kuanzia kwapani hadi karibu na kiwiko, ulikuwa na ganzi iliyochanganyika na kuwaka kana kwamba umepakwa pilipili. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema atembee, mwingine anyooshe mkono, wa tatu akamkataza kabisa kunyanyua kitu kwa mkono ule, na wa nne akasema kwamba kufua na kupika ni mazoezi tosha. Makala haya yanaziweka njia hizo ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mwanamke aliye katika hali kama hiyo na kwa ajili ya ndugu wanaomsaidia kuamua.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, huyahesabu maumivu ya baada ya upasuaji kuwa sugu yanapoendelea kupita miezi 3. Wanaoyapata si wachache. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2009 ulikusanya majibu ya wanawake 3,253 takriban miaka 2 baada ya upasuaji wa saratani ya titi, na asilimia 47 kati yao walisema bado wana maumivu. Miongoni mwa hao wenye maumivu, asilimia 13 waliyataja kuwa makali. Waliokuwa na umri chini ya miaka 40, waliopigwa mionzi, na waliosafishwa tezi za kwapa badala ya kutolewa chache tu za kupimwa, ndio walioumia zaidi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshapiga hatua, kuondolewa titi lote pamoja na tezi za kwapa bado ni jambo la kawaida, kwa hiyo hatari hiyo inawahusu wengi wetu.

Kwanza, ni maumivu ya namna gani?

Nimeliweka swali hili mbele kwa sababu ndilo linaloamua uchaguzi, ingawa wengi huliruka. Maumivu ya baada ya upasuaji wa titi si kitu kimoja, na zoezi linalofaa kwa moja linaweza lisiguse jingine.

Yapo maumivu ya kukaza, ambayo hutokana na kovu, na msuli mkubwa wa kifua uliojikunja, na nyama zilizokakamaa baada ya mionzi. Mwanamke huyahisi anapofikia kabati la juu au anapofunga sidiria kwa nyuma. Wengine huona kabisa kamba nyembamba zikijitokeza chini ya ngozi mkono unapoinuliwa, kuanzia kwapani kuelekea kiwiko na wakati mwingine hadi kwenye kifundo cha mkono. Kamba hizo hutisha kwa sura, lakini hujulikana vizuri kwa wataalamu wa tiba ya viungo na kwa kawaida hulegea kwa kunyooshwa taratibu.

Yapo pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Kwapani hupita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu, nao mara nyingi hukatwa au huvutwa daktari anapotoa tezi. Matokeo yake ni ganzi, kuwaka, au mchomo kama wa sindano unaokuja bila taarifa. Ya tatu ni maumivu ya udhaifu: bega zito, shingo iliyokaza na mgongo wa juu unaochoka mapema, kwa sababu mkono umelindwa miezi mingi na misuli yake imepungua. Ya nne hayatoki kwenye kisu hata kidogo, bali kwenye vidonge vya kuzuia homoni kama anastrozoli na letrozoli, ambavyo huwaletea wanawake wengi maumivu ya vidole, magoti na viganja, hasa wakati wa kuamka. Wengi huwa na namna mbili au tatu kwa pamoja, na dada yangu alikuwa na tatu za mwanzo.

Kunyoosha bega

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote kuianza. Haihitaji fedha wala chombo, na huchukua dakika 10 tu, mara mbili kwa siku. Mwanamke husimama akitazama ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo mpaka pale panapovuta bila kuchoma, akatulia hapo akipumua, kisha akashuka. Hulala chali akashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili na kuuinua kuelekea kichwani, mkono mzima ukiusaidia ule mgonjwa. Huvuta mabapa ya mabega kwenda nyuma na chini, kwa sababu karibu kila aliyeondolewa titi huanza kujikunja mbele ili kukilinda kifua, na mkunjo huo wenyewe huja kuwa chanzo cha maumivu mapya.

Dada yangu alikuwa akiweka alama ya chaki ukutani jikoni, pale ncha ya kidole cha kati ilipofika kila Jumapili. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa jicho lake. Ya pili ilipishana nayo kwa upana wa kidole kimoja, na alilia, kwa kuwa alidhani juma zima limepotea. Ya sita ilikuwa imepita fremu ya juu ya dirisha. Nataja hili kwa sababu maendeleo ya bega hayahisiki siku kwa siku, na asiyekuwa na kipimo cha macho huacha katika juma la pili akiamini kwamba mazoezi hayamsaidii.

Kwa maumivu ya kukaza na kwa zile kamba za kwapani, kunyoosha hakuna mpinzani. Lakini kuna mipaka miwili. Hakurudishi nguvu, hivyo anayelalamikia uzito wa bega atafikia kabati la juu na bado asiweze kuteremsha sufuria. Tena, mshipa wa fahamu uliojeruhiwa haupendi kuvutwa kwa nguvu. Mwenye kuwaka moto akishindana na ukuta kama anayeshindania zawadi, usiku hatalala.

Kunyanyua uzito

Hapa ndipo penye hofu kubwa kuliko pote, na ndipo ninapoona wanawake wetu wananyimwa haki yao. Katazo la kutonyanyua chochote maisha yote lilitokana na woga wa limfedema, yaani uvimbe wa mkono unaotokea maji ya limfu yanapokosa njia baada ya tezi kuondolewa. Woga huo una msingi, kwa sababu uvimbe huo ukishakaa ni vigumu kuuondoa. Lakini katazo lenyewe lilipopimwa halikuthibitika.

Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha mwaka 2009 utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe huo. Nusu yao walinyanyua uzito mara mbili kwa juma kwa mwaka mmoja, wakianza na uzito mdogo mno na kuuongeza polepole. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao wasionyanyua, na vipindi vya uvimbe kuzidi ghafla vilipungua. Mwaka uliofuata wakachapisha matokeo ya wanawake 154 ambao hawakuwa na uvimbe: baada ya mwaka, asilimia 11 ya walionyanyua walikuwa wameupata, ikilinganishwa na asilimia 17 ya wasionyanyua; na kwa walioondolewa tezi 5 au zaidi, tofauti ilikuwa asilimia 7 kwa 22. Ni lazima niseme wazi kwamba tafiti hizo zilipima uvimbe kabla ya kitu kingine, wala hazikukusudiwa kupima maumivu sugu. Umuhimu wake ni kwamba ziliondoa kizuizi kilichowafanya wanawake waache misuli ya bega ikonde.

Kuhusu maumivu yenyewe, ushahidi ulio karibu zaidi na swali letu ni wa Uingereza. Wanawake 392 katika vituo 17, wote wakiwa kwenye hatari kubwa ya matatizo ya bega, walifuatiliwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kundi moja lilipewa vijitabu vya maelezo tu. Kundi la pili lilielekezwa na wataalamu wa tiba ya viungo, likaanza kunyoosha siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji na kuongeza mazoezi ya nguvu kuanzia mwezi wa kwanza. Mwaka ulipotimia, kundi hilo la pili lilitumia mikono yake vizuri zaidi na liliumia kidogo kuliko la kwanza. Tazama kwamba waliopata nafuu hawakunyoosha tu. Walinyoosha kisha wakajenga nguvu.

Nyumbani, chombo bora ni chupa ya maji. Chupa ya nusu lita ina takriban nusu kilo, ya lita moja ina kilo moja, na ina uzuri ambao vyuma vya jimu havina, kwa kuwa unaweza kuongeza maji kwa kina cha vidole viwili, na mkono ukaongezewa mzigo usiouogopa. Mwanamke huketi, akainua chupa mbele hadi usawa wa bega mara 10, akapumzika, akarudia. Husukuma ukuta kwa viganja viwili, na huvuta kanga iliyofungwa kwenye nguzo imara kwa viwiko vinavyorudi nyuma. Siku mbili kwa juma zinatosha, na pasiwe na siku mbili mfululizo. Mkono usipovimba, usipokuwa mzito wala kuuma zaidi baada ya vipindi viwili, maji huongezwa. Aliyekwisha kupata uvimbe avae soksi ya mkono ya kubana wakati wa zoezi, na ni vizuri vipindi vyake vya mwanzo visimamiwe na mtaalamu.

Je, kazi za nyumbani hazitoshi?

Hili ndilo jibu la haraka linalotolewa na ndugu, na ninaelewa linatoka wapi: mwanamke anayefua, anayechota maji na kusonga ugali anaonekana amefanya mazoezi kupita kiasi. Tofauti imo kwenye kipimo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20 leo, ilikuwa na kilo 20 jana, na itakuwa nazo kesho hata kama mkono umelala ukiwaka. Hakuna ndoo ya nusu kilo ya kuanzia. Nguo za familia zikishaloweka haziwezi kuachwa katikati bega linapoanza kuchoka, na kusugua kwa saa nzima mkono ukiwa umening'inia chini ni kazi ya aina moja inayochosha msuli ule ule, ilhali bega halijainuka hata mara moja kupita usawa wa kifua.

Nilipomsihi dada apumzike kila atakapohisi maumivu, alinijibu, "Mdogo wangu, nikiiacha ndoo hii, nani ataibeba?" Sikuwa na jibu siku ile. Nililonalo sasa ni hili: maji yagawanywe katika madumu ya lita 5, yabebwe kwa mkono mzima kwanza na baadaye kwa mikono yote miwili, nguo nzito zifuliwe na mwingine kwa miezi michache, na chupa ile ya nusu lita ipewe heshima yake mara mbili kwa juma, kwa sababu ndiyo itakayouandaa mkono kuirudia ndoo. Kazi za nyumbani ni lengo la mazoezi haya, wala haziwezi kushika nafasi yake.

Kutembea

Kutembea hakunyooshi bega na hakujengi msuli wa kifua, na kwa maumivu ya kukaza pekee sitaanza nako. Ila kuna maumivu mawili ambayo kunayafaa kuliko watu wanavyodhani. La kwanza ni yale ya vidonge vya homoni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2015 uliwachukua wanawake 121 waliokuwa wakiumwa viungo kwa sababu ya vidonge hivyo. Kundi moja lilifanya dakika 150 za mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo kila juma, hasa kutembea haraka, pamoja na vipindi viwili vya kunyanyua uzito. Baada ya mwaka, kipimo cha maumivu yao makali zaidi kilishuka kwa asilimia 29, na cha kundi lililoendelea na huduma ya kawaida hakikushuka. Dakika hizo 150 zinalingana na kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote.

La pili ni maumivu ya fahamu yanayokuwa makali mwili unapokosa usingizi na moyo unapolemewa. Kutembea hakuufikii mshipa uliokatwa, lakini huleta usingizi, hupunguza uchovu wa matibabu na huondoa ile hali ya kukaa ndani ukiusikiliza mkono tu. Aanze na dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, aongeze dakika chache kila juma, na auachie mkono ujirushe wenyewe. Wengi hutembea wakiwa wameukumbatia kifuani kana kwamba bado una bandeji, au wameubana mkoba kwapani, na kwa namna hiyo saa nzima ya kutembea hugeuka saa nzima ya kulikaza bega.

Yoga, maji na makasia

Yoga huunganisha kunyoosha na kupumua polepole, na inamfaa mwenye kukaza aliye pia na wasiwasi mwingi, mradi mwalimu ajue alichofanyiwa na aepuke mikao ya kuubebesha mkono uzito wote wa mwili katika miezi ya mwanzo. Madarasa yako zaidi mijini na hulipiwa. Maji humfaa mwenye uvimbe na mwenye magoti mabovu, kwa kuwa hubeba mwili na kuukandamiza mkono sawasawa pande zote, lakini kidonda kiwe kimefunga kabisa na ngozi iliyopigwa mionzi iwe imepona.

Kuhusu makasia, mwaka 1996 daktari wa michezo Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwaweka wanawake 24 waliopona saratani ya titi katika mtumbwi mrefu wa mashindano, ili kuona kama kazi nzito ya mikono ingewavimbisha, na hakuna aliyepata uvimbe mpya. Ni kundi dogo lisilokuwa na la kulilinganisha nalo, lakini kwa mwanamke wa pwani aliyekulia karibu na mitumbwi, ni vyema ajue kwamba kasia halijafungwa kwake.

Namna ya kuchagua

Kama ningeulizwa na mwanamke asiye na muda wala fedha ila kwa jambo moja tu, ningemwambia anyooshe bega kwa majuma sita ikiwa mkono wake haufiki juu ya kichwa, kisha aanze chupa. Ikiwa mkono unafika vizuri lakini bega ni zito na linachoka, asipoteze miezi akinyoosha kisichokaza; aanze na chupa moja kwa moja. Anayewaka na kuchomwa sindano atembee kila siku na anyoosheke kwa upole bila kulazimisha, na amwambie daktari, kwa kuwa zipo dawa mahsusi za maumivu ya mishipa ya fahamu ambazo si zile za kawaida za kutuliza maumivu. Anayeumwa vidole na magoti atembee na anyanyue, vyote viwili, na asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wapo ambao hawapaswi kuchagua zoezi lolote kabla ya kuonwa hospitalini: mwenye maumivu mapya ya mfupa yanayozidi usiku, mwenye uvimbe mpya kwenye kovu au kwapani, mwenye mkono uliovimba ghafla au uliokuwa mwekundu na wa moto pamoja na homa, na mwenye kukosa pumzi. Aliyeambiwa kwamba saratani imefika kwenye mifupa anaweza kufanya mazoezi, lakini kwa maelekezo ya daktari wake na si kwa makala.

Kwa wote waliobaki, kipimo cha kila siku ni asubuhi inayofuata. Maumivu kidogo wakati wa zoezi, yasiyopita 3 au 4 kati ya 10, yanakubalika iwapo yameshatulia kesho yake. Yakiwa bado yamepanda, kipindi kijacho kipunguzwe kwa nusu, si kuachwa. Yasiposhuka kwa juma zima, arudi kwa mtaalamu wa tiba ya viungo akiwa na mambo matatu ameyaandika: mkono unafika wapi ukutani, anabeba uzito gani bila kuumia, na ni saa ngapi za usiku maumivu humwamsha.